Dodoma Isikike Hata Bunge Likiahirishwa

Hotuba ya fundi mitambo mstaafu katika uzinduzi wa redio ya muziki wa vijana jijini Dodoma

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa Mkoa na wa Jiji letu, wazee wangu mliotoka Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Kongwa, wasanii, wafanyakazi wa kituo hiki, mabibi na mabwana: Mbukwenyi!

Nashukuru kwa kuniitikia. Uongozi wa kituo umeniomba nieleze, kabla mtambo haujawashwa rasmi saa kumi na mbili jioni hii, redio hii imetoka wapi na imefikaje hapa. Nimekubali kwa moyo mweupe. Nimefanya kazi katika vyumba vya mitambo kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kurusha hewani sauti za watu wa kwingine. Leo ni mara yangu ya kwanza kusimama mbele ya mtambo uliofungwa kwa ajili ya sauti za hapa, na mkiniona nakatisha maneno kidogo, mjue sababu ni hiyo.

Nianze na jambo ambalo kila mkazi wa Dodoma mwenye umri wangu analijua. Kwa miaka mingi mtangazaji aliposema "kutoka Dodoma", msikilizaji wa Mwanza, Mtwara au Kigoma alikwisha jua kinachofuata ni Bunge: maswali na majibu, hotuba ya bajeti mwezi wa Juni, pengine mkutano mkuu wa chama. Mwandishi alikuja na kinasa sauti chake, akalala wiki kadhaa nyumba ya wageni, Bunge likaahirishwa, akapanda basi kurudi Dar es Salaam, na jina la Dodoma likanyamaza redioni mpaka mkutano mwingine. Uamuzi wa kuhamishia hapa makao makuu ya nchi ulifanyika mwaka 1973. Mji ukatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, na leo wizara ziko Mtumba na treni ya umeme inashusha abiria wake hapa hapa. Pamoja na hayo yote, mtu anaweza kulisikia jina la mji kila siku katika taarifa ya habari asiwasikie watu wake hata siku moja. Tulijulikana kama mahali pa kikao. Kwamba mahali hapa pana vijana wanaoimba, wanaocheza, wanaotunga mashairi usiku wakisubiri mvua za Desemba, hilo halikuwa habari.

Redio katika nchi yetu ilianza mwaka 1951 mjini Dar es Salaam, enzi za mkoloni. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali huru ikalichukua shirika hilo mikononi mwake, ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ile tuliyozoea kuiita RTD. Sina neno baya kwa RTD, maana ndiyo iliyonilea. Ndiyo iliyokuwa studio ya nchi nzima. Bendi ya Tabora, ya Morogoro au ya hapa Dodoma ilipotaka wimbo wake usikike, ilisafiri hadi Barabara ya Pugu, ikajipanga mbele ya maikrofoni chache na kupiga wimbo mzima kwa mkupuo mmoja. Mpiga gitaa mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo. Kanda zile ndizo zilizotufundisha wengi wetu sauti ya Mbaraka Mwinshehe na tarumbeta za mabendi ambayo leo hayapo. Lakini tazameni safari yenyewe ilivyokuwa: wimbo ulitoka Dodoma kwa gari kwenda pwani, halafu ukarudi Dodoma kwa mawimbi.

Nilizaliwa kijijini, upande wa Kongwa. Baba yangu alikuwa na redio ya National yenye mfuko wa ngozi uliotobolewa matundu madogo mbele, mahali pa spika, na mfuko ule ulikuwa umelainika na kuwa mweusi pale mkono wake ulipoushika. Betri zilipochoka hazikutupwa. Tulizipanga juu ya bati lililokuwa na joto la saa saba mchana, tukazigeuza kama mtu anayeanika mihogo, na jioni zilitupatia nusu saa nyingine ya matangazo. Sauti ilikuwa hafifu mchana na ikapanda usiku. Nilipokuja kusomea ufundi ndipo nilipoelewa kwa nini: masafa ya kati na masafa mafupi hurudishwa chini na tabaka la juu la anga, na usiku tabaka hilo huyabeba mbali zaidi. Utotoni mimi niliamini kwamba redio, kama watu, huongea vizuri zaidi kukiwa kumetulia.

Mwaka huo huo wa 1973 ilirushwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima walijiunga katika vikundi vya kusikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba. Kikundi cha kijijini kwetu kilikaa chini ya mbuyu, na redio iliyowekwa juu ya kigoda katikati ilikuwa ya baba. Nilikuwa mtoto, kazi yangu ikiwa kuwafukuza mbuzi wasiiangushe. Siku zile niliona kwa macho yangu kwamba sauti itokayo ndani ya kasha inaweza kumfanya mtu mzima ainuke ashike jembe, na sijawahi kulisahau jambo hilo.

Hata hivyo, kipindi tulichokingoja kuliko vyote kilikuwa cha salamu. Watu walijaza kadi, wakazituma kwa posta, na wiki kadhaa baadaye mtangazaji alisoma majina: fulani wa fulani anawasalimu wafuatao, ujumbe wake ni huu, na wimbo uchezwe. Kulikuwa pia na salamu za wagonjwa hospitalini. Mama yangu, ambaye ndugu yake alilazwa muda mrefu mbali na nyumbani, aliacha kutwanga kila kipindi kile kilipoanza, akabaki ameushikilia mchi hewani. Siku jina la kijiji chetu liliposomwa, hakuna aliyepumua uani. Halikuwa jina la kiongozi wala la mwanamuziki mashuhuri. Lilikuwa jina la jirani aliyemsalimu shemeji yake. Lakini lilipotoka mle ndani ya redio, kijiji chote kilitembea kifua mbele kwa wiki nzima.

Nayasimulia haya kwa kirefu kwa sababu waanzilishi wa kituo hiki, ambao wote ni wadogo kwa wanangu, waliponifuata mara ya kwanza niliwauliza swali moja tu: mnataka redio ya nini? Mmoja wao alinijibu kwamba anataka bibi yake asikie jina la mtaa wao hewani. Sikuhitaji jibu jingine.

Mambo yalibadilika baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, iliyofungua mlango kwa vituo binafsi. Mwaka uliofuata Radio One ikaanza kusikika, na kabla miaka ya 1990 haijaisha zilikuwapo redio zilizojitambulisha waziwazi kuwa ni za vijana na muziki wao. Mnazijua, wala sina haja ya kuzihesabu. Huko ndiko rapu ya Kiswahili ilikotoka vijiweni na kuingia sebuleni, ikapata jina la Bongo Fleva, ikawapa riziki vijana ambao wazazi wao waliwaita wahuni. Baadhi yao walikuja baadaye kuishi Dodoma kwa namna ambayo hakuna aliyeiota: Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 akiwakilisha Mbeya Mjini, Profesa Jay akaingia mwaka 2015 kutoka Mikumi, na MwanaFA aliyechaguliwa Muheza mwaka 2020 akaja kuwa Naibu Waziri wa wizara inayosimamia sanaa yenyewe. Muziki uliodharauliwa ukakalia viti vya ukumbi ule ambao kwa miaka mingi ulikuwa ndiyo sauti pekee ya mji wetu.

Na sisi wenyewe, watoto wa hapa? Walikuwapo, na walikuwa hodari. Albert Mangwea, ambaye nchi ilimjua kwa jina la Ngwair, alikulia na kusoma katika mji huu. Yeye na wenzake wa Chamber Squad, akina Mez B, Noorah na Dark Master, walikuwa na ulimi wa mji huu na ucheshi wa mji huu. Lakini ili nchi iwasikie, iliwabidi washuke Dar es Salaam. Ngwair alifariki Afrika Kusini mwezi Mei 2013, naye Mez B alifariki hapa Dodoma mwaka 2015. Kila ninapopita mitaa waliyopita hujiuliza ni wangapi waliokuwa na kipaji kama chao lakini hawakuwa na nauli.

Mmoja wa hao nilimfahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kijana wa jirani yangu alirekodi wimbo wake wa kwanza kwenye kanda ya kaseti, nakala moja tu, akaniletea kwa kuwa alijua ninafanya kazi za mitambo. Niliipeleka mwenyewe katika kituo kimoja. Nikaambiwa wimbo ni mzuri ila kijana ana lafudhi ya Kigogo. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, nikaelezwa kiasi cha fedha ambacho kingeifanya lafudhi hiyo isiwe tatizo. Hatukuwa nacho. Miezi mitatu baadaye nilirudi kuifuata kanda, nikapewa, nikaiweka kwenye mashine nyumbani huku kijana ameketi kando yangu. Ilitoka sauti ya tangazo la sabuni. Mtu alikuwa amehitaji kanda ya kurekodia, akachukua iliyokuwa karibu. Kijana hakusema kitu. Aliitoa ile kanda, akaitia mfukoni, akaaga kwa adabu. Hakuimba tena. Mpaka leo naukumbuka mstari mmoja wa wimbo wake, na nimeuandika mahali ili usipotee nitakapoondoka mimi.

Sasa nije kwenye kituo chenyewe. Kilianza kama chumba cha kurekodia huko Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, cha futi kumi kwa kumi na mbili, chenye magodoro yaliyogongewa ukutani kuzuia mwangwi na trei za mayai zilizoziba dirisha. Mwezi wa Oktoba joto lilikuwa kali mle ndani kiasi kwamba msanii alirekodi mistari minane, akatoka nje kupunga hewa, akarudi kwa minane iliyobaki. Mbele ya chumba kulikuwa na kaunta ya kuingizia watu nyimbo kwenye simu na kadi za kumbukumbu, na juu ya kaunta kulikuwa na daftari. Kila mteja aliyeomba wimbo, jina la wimbo liliandikwa. Vijana hawa hawakukusudia kufanya utafiti. Walitaka tu kujua ni nyimbo zipi wawe nazo karibu. Lakini baada ya muda waliona kwamba madereva wa bodaboda, wauza mboga wa Soko la Majengo na wanafunzi wa vyuo walikuwa wakizirudia nyimbo zilizorekodiwa mle ndani, nyimbo ambazo hazikuwa zimepigwa na redio yoyote. Daftari hilo limewekwa mezani pale mlangoni. Lifungueni mkiondoka, kurasa zake zina alama za vidole vyenye vumbi letu jekundu.

Daftari ndilo lililowapa ujasiri wa kuomba leseni. Safari ya leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, michoro ya mtambo, vipimo vya masafa na michango ya wanahisa sitaieleza, maana walioipitia wapo na wamechoka kuieleza. Nataka kusema juu ya siku ya majaribio.

Wimbi la FM lina urefu wa mita tatu hivi na husafiri kama mwanga wa tochi, moja kwa moja, ingawa hujipinda kidogo kwenye kingo. Halirudishwi na anga kama yale ya utoto wangu. Likikutana na mlima, nyuma ya mlima hubaki kivuli. Na Dodoma, kama mnavyoijua, ni nchi tambarare iliyomwagiwa vilima vya mawe. Kwa hiyo ukubwa wa mtambo si kitu cha kwanza kuuliza. Cha kwanza ni antena imekaa juu kiasi gani na inatazama nini. Tuliwatuma vijana wanne kwa pikipiki, kila mmoja na redio ndogo na simu: mmoja barabara ya Bahi, mmoja Chamwino, mmoja Hombolo, mmoja barabara ya Kondoa. Kazi yao ilikuwa kutupigia simu kila baada ya kilometa tano. Upepo wa Agosti ulikuwa ukivuma, vumbi limejaa, na mimi nilikuwa chini ya mnara nikiandika. Wa Bahi alisikia vizuri, wa Chamwino vizuri, wa Kondoa vizuri. Wa Hombolo alipiga simu akasema, "Mzee, sauti imedidimia." Wote tuliokuwa pale tulitazamana. Mnajua wazee wetu wanasema jina la mji huu limetokana na Idodomya, mahali tembo alipodidimia. Kijana yule hakukusudia kutania. Alilitumia neno lililomjia. Tuliinua antena, tukaigeuza nyuzi chache, tukamwambia arudie njia ile ile. Jua lilikuwa limekaribia kuzama alipopiga tena, na kabla hajasema neno tuliusikia wimbo wetu wenyewe ukitoka kwenye redio yake, kupitia simu, katikati ya mashamba ya zabibu.

Jambo la mwisho la historia hii ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo linahusu ilimba. Wazee mlioko hapa mnaijua vizuri: kasha la mbao, vijiti vya chuma, vidole gumba. Mzee Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu aliyefariki Desemba 2003, aliipiga kuanzia enzi za Mwalimu Nyerere, akaifundisha Bagamoyo na kuifikisha katika majukwaa ya Ulaya. Vijana wetu wa studio walitaka kutengeneza wimbo wa kisasa wenye ilimba ndani yake, wakamwalika mzee mmoja kutoka kijijini aje kurekodi. Alipiga. Ikasikika, pamoja na sauti za vyuma, mzizimo mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Fundi kijana alisimamisha kazi, akabadilisha waya, akabadilisha maikrofoni, mzizimo ukabaki. Akautafuta kwenye kompyuta na kuukata, akafurahi kwamba sasa sauti ni safi. Mzee aliposikilizishwa alivua vipokea sauti, akasema, "Hii si yangu." Akaigeuza ilimba, akamwonyesha tundu dogo kwenye ubao lililofunikwa kwa utando wa buibui. Utando ule hutetema, na mzizimo ule ndio uhai wa ala. Uliwekwa pale kwa makusudi na watu waliojua walichokuwa wakikitafuta.

Halafu likaja la pili. Prodyuza alipoweka kinanda chini ya ilimba, vilikataa kukaa pamoja. Mpangilio wa sauti za Kigogo haukutoka kwenye kinanda; unafuata zile sauti ndogo zinazozaliwa ndani ya sauti moja nene waya unapotetema, ndiyo maana zeze, ilimba na waimbaji wetu huafikiana bila kuelekezwa na mtu. Njia nyepesi ingekuwa kumwambia mzee akaze vyuma vyake vifanane na kompyuta. Vijana walikesha usiku mbili, wakakiteremsha kinanda nukta kwa nukta mpaka kikakubaliana na ilimba. Mimi nilikuwapo usiku wa pili. Midundo ilipoingia, na kinamama wawili waliokuwa wakingoja nje kurekodi muheme, ngoma ya kinamama wa Kigogo, wakaanza kuitikia bila kuombwa, nilielewa kwamba kituo hiki kitakuwa na kazi ambayo kituo kingine hakiwezi kuifanya kwa niaba yake.

Ndugu zangu, hii ni redio ya muziki wa vijana, na itapiga nyimbo zinazopendwa nchi nzima, za Dar es Salaam, Nairobi na Lagos. Kijana wa Nkuhungu ana haki ya kucheza kama kijana wa Sinza. Lakini uongozi umekubali, na umeniruhusu niseme hadharani ili mtukumbushe tukiteleza, mambo ambayo nimeyapigania. Hakuna msanii atakayetoa fedha ili wimbo wake upigwe, mbele wala nyuma ya pazia. Kila wimbo utakaoletwa utasikilizwa na watu wawili, na aliyeuleta atajibiwa. Orodha ya nyimbo zilizopigwa itaandikwa kila siku na kuwasilishwa kunakohusika, kwa maana mirabaha ya mtunzi huanzia kwenye orodha iliyoandikwa vizuri. Watangazaji watasema Kiswahili fasaha bila kuuficha mji uliowalea, na hakuna atakayerudishwa kwa sababu ya lafudhi. Nakala ya kila kinachorekodiwa hapa itahifadhiwa mahali pawili. Kuhusu hilo la mwisho nilikuwa mkali kidogo, na mnajua kwa nini.

Saa inakaribia kumi na mbili. Wimbo wa kwanza utakuwa ule wa ilimba, pamoja na mzizimo wake wote. Mzee aliyeupiga ameketi safu ya mbele, mwenye kofia ya kijani, na amekataa katakata kuja jukwaani, kwa hiyo naomba tumheshimu hapo hapo alipo. Baada ya wimbo huo itafuata saa nzima ya salamu. Tumerudisha kadi zile za zamani, za karatasi. Ziko kwenye sanduku mlangoni pamoja na kalamu. Andikeni jina lenu, mtaa au kijiji chenu, na majina ya mnaowasalimu, kwa herufi zinazosomeka. Zitakazofika studio kabla wimbo haujaisha zitasomwa jioni hii, nyingine kesho asubuhi. Kadi ya kwanza nimekwisha ijaza mimi, na inakwenda Kongwa.